Kafa Ulaya

Kila alipofungua robota la mitumba, Mwanakheri alikunjua nguo ya kwanza na kumwombea dua mwenye nguo. Katika mji ule nguo hizo ziliitwa kafa Ulaya, naye tangu utotoni aliamini kwamba kila moja imeachwa na maiti. Alipofiwa na bintiye Salhina na kuzitoa nguo zake sadaka, alizidi kuomba. Huenda na aliyepata gauni la Salhina anamwombea vivyo hivyo.

Siku ile lilitoka koti jekundu la mtoto, zito, la sufu. Kikaratasi cha dukani kilikuwa bado kinaning'inia shingoni.

"Hili halijavaliwa, shoga," alisema Rukaya, jirani yake wa meza pale sokoni.

"Kafa kabla hajalivaa, maskini."

Rukaya alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kafa nani? Wananunua, wanachoka, wanatuletea sisi. Miaka yote hii unawaombea wazima!"

Mwanakheri hakucheka. Alifikiria kondoo walionyolewa, maji yaliyooshewa sufu ile, meli iliyoibeba, na hakuna hata mtoto mmoja aliyepata joto.

"Kwa hiyo hakuna mtoto aliyekufa?"

"Hakuna."

"Alhamdulillahi," alisema, na machozi yakamtoka.

Alilitundika koti kwenye kamba, akakunjua viganja vyake kama kawaida.

"Na sasa unamwombea nani?" Rukaya aliuliza, safari hii kwa upole.

Mwanakheri aliinua macho kwenye koti. Upepo ulipita sokoni, ukalijaza lile koti, na mikono yake miwili midogo ikainuka taratibu, kama ya anayeomba dua.