Jibu la Hidaya

Mwalimu Zamaradi alifundisha Kiingereza darasa la kwanza. Kila asubuhi aliwauliza watoto hali zao, nao wakaitikia kwa pamoja kama alivyowakaririsha: "Ai em faini, tenki yu, ticha." Jibu jingine hakuwa amewafundisha.

Siku aliyokuja mkaguzi, Hidaya naye alirudi shuleni, ametoka kumzika mama yake. Mwalimu hakutarajia kumwona. Kabla hajapata nafasi ya kumwita pembeni, mkaguzi alikwisha kumnyooshea kidole mtoto huyo na kumuuliza hali yake kwa Kiingereza.

Hidaya akasimama, mikono nyuma. "Ai em faini, tenki yu, sa."

"Safi kabisa!" mkaguzi akasema. "Hebu mpigieni makofi."

Darasa zima likapiga makofi. Mkaguzi akampongeza mwalimu kwa kazi nzuri, akaenda zake darasa la pili.

Zamaradi akapiga magoti mbele ya dawati la Hidaya. Kiswahili kilikuwa marufuku katika kipindi hicho, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaadhibu waliokisema.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana kwa mama."

Hidaya alimtazama kwa woga, kama mtu anayehisi anategwa.

"Ai em faini," akanong'ona. "Tenki yu, ticha."

Hidaya aliendelea kusimama, machozi yakimtiririka hadi kwenye kola, akingoja kuambiwa aketi.