Mwache Amalize Kutoa

Kila mashine ya kupumulia iliposukuma pumzi, kifua cha Mzee Sengenge kilizidi kuvimba, wala hakikushuka. Daktari Lwitiko akanyoosha mkono aongeze kasi.

"Hebu acha, mwanangu," alisema Bi Siwema, mke wa mgonjwa.

Miaka thelathini alimvukutia mumewe mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, kwenye banda lao la uhunzi, mpaka moshi wa makaa ukamla mzee mapafu.

"Unamjaza kabla hajamaliza kutoa. Mivukuto ukiiharakisha hivyo, ngozi inapasuka."

Daktari akageukia mchoro wa pumzi kwenye kioo cha mashine. Kweli, kila pumzi ya kutoka ilikatwa njiani na inayoingia. Haraka akauchomoa mpira wa hewa wa mgonjwa kwenye mashine. Hewa ikatoka, ikatoka, ikaendelea kutoka, na kifua kikashuka.

"Nionyeshe mwendo wake, mama," alisema huku akiurudisha mpira.

Bi Siwema akafumbua kiganja upesi, pumzi ikiingia, kisha akakifumba taratibu, pumzi ikitoka, bila haraka yoyote. Daktari akapunguza kasi, akapunguza tena. Hakukitazama kioo. Alikitazama kile kiganja chenye sugu, na kilikuwa bado hakijamaliza kujifumba.