Shimo la Kisiwani

Jembe la Tadeo liligonga kitu kigumu. Alipiga magoti, akapangusa tope kwa viganja. Magogo manne yalikuwa yamelala kwa mstari, yamepangwa na mkono wa mtu.

“Magogo tena!” alipaza sauti kutoka chini.

Ukingoni mwa shimo alikaa baba mkwe wake, Mzee Kalinga, akimenya muwa kwa kisu. Hakuinama hata kutazama.

“Mtego wa kiboko,” alisema, akatema makapi. “Wazee walikuwa wakichimba shimo, wanalifunika kwa magogo na nyasi. Kiboko anapita, anadumbukia. Sasa umedumbukia wewe, na nyama yako haitoshi hata mchuzi.”

Ilikuwa Oktoba 1954. Mto Ruaha Mdogo ulikuwa umekauka kiasi kwamba mtu aliweza kufika kisiwani kwa kukanyaga mawe. Kuanzia Iringa mjini hadi Tosamaganga, habari ya kasha ilijulikana: Wajerumani, walipokuwa wakiwakimbia Waingereza katika ile vita ya kwanza, walifukia dhahabu pale. Tadeo aliamini. Alikuwa amechimba wiki saba, na shambani kwake mabua ya msimu uliopita yalikuwa bado yamesimama.

Mzee Kalinga alimpa mpaka leo. Tadeo akionekana kisiwani kesho, mkewe, Lusia, angefunga mizigo na kurudi kwa baba yake, mtoto mgongoni. Mzee alikuwa amelisema hilo mbele ya ukoo mzima, naye hakuwa mtu wa kurudisha maneno yake.

“Na ule mkaa, baba?” Tadeo aliuliza.

“Mtu aliota moto. Wajerumani hawakuwa wajinga wa kuzika mkaa.”

“Na kamba ya katani?”

“Mvuvi alifungia samaki wake. Au alitaka kujinyonga baada ya kukuona.”

Tadeo alijifuta uso. “Lakini magogo ya kwanza yalikuwa futi sita chini, ya pili kumi na mbili, haya kumi na nane. Mtego gani wa kiboko una ghorofa tatu?”

“Wa kiboko wa Kijerumani.”

Lusia, aliyekuwa amevuka na kikapu cha ugali na maharage, aliweka kikapu chini. Hakucheka.

“Baba, mwache ale kwanza.”

“Ale nini? Ale dhahabu.” Mzee alikata pingili nyingine. “Mwanaume mzima! Wenzake wanasubiri mvua, yeye anafukua choo cha askari. Toa hayo magogo basi, uone. Chini yake utakuta maji, na hapo ndipo utakapopata akili.”

“Hata wewe, baba,” Lusia alisema, akiangalia bakuli alilokuwa akipakulia. “Ulikwenda Mufindi kwenye mashamba ya chai, viangazi vinne, ukarudi na kikohozi. Jembe la mama, alilopewa siku ya harusi, ukasema limeibiwa huko. Mpaka anakufa alikuwa akilitaja, na ile pete ya waya wa shaba shingoni mwa jembe. Kuna mtu alikucheka?”

“Mimi nilikwenda kufanya kazi,” alisema mzee. “Usinifananishe na huyu fuko.”

Tadeo aliinamia magogo. Hapaswi mtu kubishana na baba wa mkewe, na isitoshe alikuwa na saa mbili tu za mwanga. Aliling’oa gogo la kwanza, kisha la pili, akayafunga kamba, Lusia akasaidia kuvuta. Lilipotoka la nne, maji meusi yalichuruzika na kumfika vifundoni.

“Nilikuambia,” alisema mzee kutoka juu. “Sasa panda, unawe, kesho ukalime kama watu.”

Tadeo alishika kamba. Kisha akaona aibu kupanda mikono mitupu, akaingiza mkono majini mara ya mwisho, akapapasa. Vidole vyake viligusa chuma.

Halikuwa kasha. Lilikuwa jembe lililoliwa na kutu, mpini umeoza. Alilifunga kwenye kamba, likapanda taratibu, likibingirika, mpaka mikononi mwa Lusia. Lusia akalikwangua tope kwa ukucha. Shingoni kulikuwa na waya wa shaba, umezungushwa mara tatu, umegeuka kijani.

“Baba,” alisema.

Mzee Kalinga aliweka kisu chini. Alilipokea lile jembe, akalipangusa pajani kwa muda mrefu. Kisha akalala kifudifudi ukingoni na, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akachungulia shimoni.

“Maji yalinifukuza hapo hapo, viangazi vyote vinne,” alimwambia Tadeo. “Magogo niliyapanga mimi; usiyatupe, tutayasimamia tukipokezana udongo. Na wewe Lusia, kesho leta madebe mawili, na chakula cha watu wawili.”