Vyumba vya Bwana Harusi

Galit Harari, Mwisraeli, hakutilia maanani milango iliyong'olewa na kuegemezwa kwenye mkomamanga, wala mabati ya paa yaliyopangwa chini yake. Aliona vumbi tu, na ndani ya vumbi akamwona Nizar, Mpalestina, mwenzake wa miaka mingi katika mazungumzo ya amani, akipiga ukuta kwa nyundo kubwa.

Vyumba hivyo viwili vya Jabal Mukaber, mashariki mwa Yerusalemu, alivijua. Nizar alivijenga kwa ajili ya mwanawe Wadii, kwa kuwa baba wa mchumba alikwisha kusema waziwazi: hakuna nyumba, hakuna harusi.

"Kumbe mnapanua," Galit alisema, akitua kisanduku cha keki. "Ningejua, ningevaa viatu vya kazi. Bwana harusi yuko wapi?"

"Ukweni," Nizar alijibu bila kugeuka. "Amekwenda kuzungumza na mzee."

"Nawe, Abu Wadii, umebaki kumfanyia kazi yake."

"Ndio ubaba huo."

Kwenye kochi lililotolewa uani aliketi mama yake Nizar, ushungi umejaa chokaa. Kando yake alisimama mwanamume mwenye viatu visivyo na doa, kamera shingoni, akibangua mbegu za alizeti na kutema maganda juu ya vigae vya watu. Galit alimchukia papo hapo. Makandarasi wa namna hii aliwafahamu: mwenye nyumba anatoka jasho, wao wanapiga picha za kutangazia biashara.

"Ukuta huo uwe chini kabla ya saa sita," mtu yule alisema.

"Basi vua koti usaidie, bwana."

"Mimi siruhusiwi kugusa." Akatema ganda jingine.

 Galit alikunja mikono ya shati, akamwendea Nizar.

"Nipe hiyo."

"Dada, wewe ni mgeni. Kunywa kahawa kwanza."

"Mgeni gani? Humu ndimo nitakamocheza siku ya harusi. Nipe."

Nizar aliishikilia nyundo kwa mikono miwili. 

"Mpe," mama yake alisema kutoka kwenye kochi. "Kwani lazima iwe mikono yetu tu?"

Galit alicheka, akapiga. Kila pigo alilielekeza moyoni kwa yule mtema maganda. Matofali yalianza kulegea, kisha yakamwagika.

"Ana nguvu huyu," bibi alisema. "Angekuja mapema, tungemaliza jana."

Ukuta ulipolala chini, Galit alikuwa ametota jasho, ulimi una ladha ya chokaa. Alimgeukia Nizar ili wafurahi pamoja, lakini Nizar alikuwa amechuchumaa, uso kaupa mkomamanga.

Mtu wa kamera alikizunguka kifusi, akakipiga picha pande zote, kisha akamsogelea Galit kwa upole, kama mtu azungumzaye na wa kwao.

"Umemsaidia sana. Sisi wa manispaa tungekuja wenyewe kesho na tingatinga, na gharama angelipa yeye. Sasa nitaandika kwamba nyumba haikuwa na kibali, na mwenyewe ameibomoa kwa hiari."

Nizar aliendelea kuhudhuria mazungumzo ya amani kila Jumanne. Galit hakuhudhuria tena.