Jina la Bonde

Kijana mpima ramani alitokea bila taarifa, akamkuta Rondiah peke yake akipepeta mchele. Kijiji kizima kilikuwa harusini, ng'ambo ya mlima.

"Mama, bonde hili linaitwaje? Wakata mbao wanaliita Kambi Saba. Nikikosa jina lingine, hilo ndilo litakaloingia kwenye ramani."

Ungo ukatulia mikononi mwa Rondiah. Kuanzia maporomoko hadi makutano ya mito, bonde lote liliitwa kwa jina la baba mkwe wake, aliyekuwa wa kwanza kufyeka msitu huu. Naye, siku alipoolewa, aliahidi kama kila mke wa kabila lao la Kidusun kutolitamka kamwe jina la mkwe.

"Subiri wenzangu warudi jioni. Watakwambia."

"Mvua ile inakuja, mama. Mto ukijaa sitavuka, itabidi mnioze huku huku."

Rondiah hakucheka. Aliitazama njia ya mlimani. Hapakuwa na mtu.

"Ni jina la mkwe wangu," alisema. "Siwezi kulitaja."

"Basi liandike."

"Sijui kuandika."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki. Mwaka wa tisa huu."

"Sasa si hasikii?"

"Mimi nasikia."

Kijana akashusha pumzi, akafungua daftari. "Mama, ni neno moja tu. Likipotea, limepotea."

Jina lilikuwa tayari ulimini. Rondiah akaziba mdomo kwa kiganja kilichojaa pumba, akaitazama kalamu ikichora K ya Kambi Saba.