Koti la Baba Aurelia

Kulikuwa bado giza henga tupu, ile ya kutundikia koti, ilipogonga ukuta kwa upepo. Koti la mume wangu tulilizika Januari badala ya mwili wake, maana ziwa lilimchukua kule Ngumbo na halikumrudisha.

"Pasaka nendeni wenyewe, mama," nilimwambia mama mkwe. "Tulizika koti. Litafufuka koti?"

"Funga kanga. Utabishia njiani."

Kanisani, katekista akawauliza watoto: wale wanawake walikuta nini kaburini mwa Yesu?

Aurelia wangu akanyoosha mkono, vidole vinang'aa mafuta ya andazi. Nilijua anachotaka kusema. Nikamvuta gauni akae, kifungo kikanibaki mkononi. Alishasimama.

"Walikuta nguo tu, kama kwenye kaburi la baba."