Mwanafunzi wa Saa Sita

Tiara ilianguka kwa mara ya tisa, na safari hii iliangukia sahani ya mgeni aliyekuwa akila samaki wake kwa raha zake.

"Ewe Mola!" Bi Mishi akacheka mpaka akaketi mchangani. "Mwalimu, huyo tumwombe radhi, ama tumwongeze ndimu?"

Judy hakucheka. Alikwenda kuomba radhi kwa niaba ya watu wawili, akarudi na tiara inanuka mchuzi. Hoteli ile ya ufukweni Msambweni ilikuwa imempa wiki mbili za kujaribiwa kazi ya kufundisha tiara, na meneja, Bwana Katana, alikwisha kumwambia wazi: Jumamosi ya mwisho wageni wamwone mwenyeji mmoja aliyefundishwa na Judy, akirusha tiara ya nyuzi mbili bila kumtoboa mtu jicho. Mmoja tu. Akikosekana, Judy arudi kwao Kinango akachunge mbuzi wa babake.

Vijana wote wa pale walimwita "mwalimu wa upepo", wakapita zao. Aliyejitokeza ni huyu mjane wa Munje, miaka hamsini na minane, leso kajifunga kibwebwe na sauti imemkauka hata maneno yanatoka kwa kukwaruza.

"Shikamoo, Bi Mishi. Sauti bado?"

"Marahaba, mwanangu. Bado. Haya, nipe nyuzi, sikuja kuimba."

Mama huyo alikuwa na vituko vyake. Alikuja saa sita tu, jua la utosi, wakati hata mbwa wa ufukweni wamejificha. Judy alimsihi aje asubuhi au jioni, mchanga ukiwa haujawaka moto. Wapi! "Asubuhi na jioni mimi ni mtu wa kazi," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tena, kuipandisha tiara juu hakukumshughulisha hata kidogo. Judy akimfundisha kuizungusha duara huko mawinguni, yeye anataka ipite chini, chini kabisa, kwa kasi, ivume.

"Juu huko kuna nini?" akauliza. "Nionyeshe ipite dhiraa moja kutoka chini, isiguse, halafu igeuke ghafla. Na mtu aliyekaa kitako, anaweza?"

"Kukaa? Bi Mishi, huu ni mchezo wa kusimama!"

"Nyinyi vijana mna magoti. Nijibu nilichokuuliza."

Judy akaketi, akajaribu, akaona kumbe yawezekana. Hakupenda kukiri, lakini akakiri.

Siku zikaenda kwa makelele. "Usivute mikono yote miwili! Wa kulia vuta, wa kushoto legeza! Kulia, Bi Mishi! Ule mkono unaolia wali!"

"Wali?" Bi Mishi akaguna. "Mwaka huu tutaona."

Wiki ya pili tiara ikamtii. Ilishuka kama inayotaka kukwangua mchanga, ikapita ikivuma, ikageuka. Kunguru waliokuwa wakidonoa mabaki wakatawanyika, wageni wakapiga makofi. Bi Mishi hata hakuwatazama wageni. Judy alitamani kumbusu.

Siku hiyo Bi Mishi aliipima tiara kwa shibiri, upande kwa upande, akakisugua kitambaa kwa vidole kama anayenunua leso kwa mchuuzi asiyemwamini.

"Nyeusi hamna?"

"Nyeusi haipendezi. Wageni wanapenda rangi."

"Wageni, ndiyo," akasema Bi Mishi.

Judy akamshika mkono. "Jumamosi utakuja? Bila wewe mimi sina kazi."

"Inshallah, mwanangu. Nikipata mtu wa kunishikia zamu."

Jumamosi saa tisa viti vimepangwa, wageni wameketi, Bi Mishi hayupo. Saa tisa na nusu, hayupo. Bwana Katana akatazama saa, kisha akamtazama Judy. Judy akadandia bodaboda hadi Munje, njia nzima akimlaani Bi Mishi, na akijilaani mwenyewe kwa kumpenda.

Nyumbani kwake mlango umefungwa. "Yuko bondeni tangu alfajiri," jirani akamwambia. "Na sauti yake imepona, alhamdulillahi."

Imepona! Judy akashika njia ya bondeni, hasira zimempanda. Mbele akasikia watu wakishangilia. Basi mimi nafukuzwa kazi, yeye yuko harusini! Simu ikalia. Ni Bwana Katana.

"Mwanafunzi wako yuko wapi? Mmoja tu nilikuomba, Judy. Mmoja!"

Judy alikuwa amefika mwisho wa migomba. Mbele yake mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, shamba baada ya shamba, na katikati, juu ya dungu, ulingo wa kulindia mpunga, Bi Mishi amekaa kitako, nyuzi mbili mikononi. Buibui kuukuu, limewambwa kwenye fito, lilikuwa linashuka likivuma, dhiraa moja juu ya masuke, na kundi zima la ndege kwelea linakimbilia Tanga.

"Mwalimu huyo!" Bi Mishi akaita kwa sauti safi.

Chini ya dungu majirani saba waligeuka kumtazama. Madebe yao ya kuwingia ndege wameyatupa majanini, na kila mmoja ana tiara yake ya buibui kuukuu kwapani.

"Mmoja sina, Bwana Katana," Judy akasema. "Ninao wanane. Pakia wageni garini."